Kidonge kimoja, dawa mbili: tramadoli mpakani ipewe onyo moja

Biashara ya mpakani ni kazi ya mgongo. Anayeshusha magunia ya mahindi Namanga, anayevusha matenga ya samaki Busia, dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori Tunduma, wote wanajua kiuno kinavyouma ifikapo jioni. Wanajua pia kwamba kidonge cha kutuliza hakiko mbali, na miongoni mwa majina yanayotajwa ni tramadoli.

Tramadoli inapojadiliwa katika nchi zetu, mjadala huishia kwenye neno moja: uraibu. Ni neno la kweli na linastahili kuogopwa. Lakini limefunika hatari ya pili, inayoweza kumpata hata mtu asiye mraibu, aliyemeza kidonge halali kwa maumivu halali, huku akitumia dawa nyingine aliyoandikiwa hospitali ya upande wa pili wa mpaka. Hatari hiyo inapitia kemikali ya mwilini iitwayo serotonini. Hoja yangu ni kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoweza kutupa vituo vya pamoja vya forodha, inapaswa pia kutupa onyo moja juu ya dawa hii, lenye maneno yale yale kila upande wa mpaka, kwa lugha tunayouziana nayo bidhaa.

Ili hoja hiyo ieleweke, lazima tuanze na wanyama, kwa sababu wao ndio waliowafundisha wanasayansi jambo hili.

Mwaka 1968, mtafiti wa Marekani aitwaye Tenen aliwapa panya dawa inayopunguza serotonini mwilini, kisha akawapa mofini, dawa kongwe ya maumivu inayotokana na afyuni. Mofini iliwatuliza kidogo kuliko kawaida. Mwaka uliofuata, mtafiti mwingine, David Reynolds, alieleza jinsi alivyopitisha umeme mdogo katika sehemu ya ndani kabisa ya ubongo wa panya, kisha akawapasua bila dawa ya ganzi, na panya wale hawakuonyesha dalili za maumivu. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kutoka sehemu hiyo ya ubongo kuna njia inayoshuka hadi kwenye uti wa mgongo, kama barabara yenye kizuizi: taarifa ya maumivu inapopanda kutoka mguuni au kiunoni, amri inashuka kutoka juu kuizuia. Serotonini ni mmoja wa wajumbe wanaobeba amri hiyo.

Kwa hiyo dawa za jamii ya afyuni hazifanyi kazi peke yake. Zinategemea pia wajumbe wa mwili wenyewe. Katika miaka ya 1990 nyani waliojaribiwa kwa kutumbukizwa mkia kwenye maji ya moto waliustahimili moto huo zaidi pale mofini ilipochanganywa na dawa za kuongeza serotonini, kama vile fluoksetini, ambayo hospitali hutoa kwa wagonjwa wa sonona.

Mtu anaweza kufikiri: basi serotonini ikiongezeka ni heri, maumivu yatapungua zaidi. Sivyo ilivyo. Tafiti za panya zimeonyesha pia kwamba serotonini hiyo hiyo, ikigusa vipokezi vya aina nyingine kwenye uti wa mgongo, huweza kuyaongeza maumivu. Na ikizidi kupita kiasi, mwili mzima huvurugika: misuli hutetemeka na kukakamaa, joto hupanda, mapigo ya moyo hukimbia. Ni mjumbe mmoja mwenye barua nyingi, na si kila barua ina habari njema.

Sasa tuje kwenye tramadoli. Dawa hii ilibuniwa Ujerumani na kampuni ya Grünenthal mwaka 1962, ikaingia sokoni huko mwaka 1977. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa ni mofini iliyopunguzwa makali. Majaribio ya wanyama yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha kwamba ina mikono miwili. Mkono wa kwanza unashika vipokezi vile vile vinavyoshikwa na mofini. Mkono wa pili unazuia serotonini, pamoja na kemikali nyingine iitwayo noradrenalini, zisirudi ghalani baada ya kutumika, hivyo hubaki nyingi kwenye neva. Kwa lugha ya sokoni, ukinunua kidonge kimoja cha tramadoli umenunua dawa mbili: nusu ndugu wa mofini, nusu ndugu wa dawa za sonona.

Ushahidi haukuishia kwa panya. Wagonjwa waliofanyiwa upasuaji na kupewa tramadoli pamoja na ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika inayofunga moja ya milango ya serotonini, walihitaji tramadoli nyingi zaidi ili watulie.

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Mtu akizidisha dawa za jamii ya afyuni na pumzi ikaanza kukatika, hospitali humpa naloksoni, inayozifukuza dawa hizo kwenye vipokezi. Kwa mofini na heroini inafanya kazi vizuri sana. Kwa tramadoli inaukamata mkono mmoja tu. Maelezo rasmi ya dawa yenyewe yanasema kwamba wanyama waliopewa kiwango cha sumu walipata degedege, na naloksoni iliiongeza badala ya kuituliza. Na kwa panya wadogo waliozidishiwa dawa, haikupunguza vifo. Hii haina maana kwamba mgonjwa asipewe naloksoni. Pumzi ikikatika, bado inahitajika. Maana yake ni kwamba mganga aliye zamu lazima ajue kilichomezwa, kwa sababu dawa ya kuokoa haitamaliza kazi peke yake.

Kisa kinachojulikana zaidi cha binadamu kilitokea New York, Marekani, Machi 1984. Libby Zion, mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 18, alifika hospitali akiwa na homa na misuli inayorukaruka. Alikuwa akitumia fenelzini, dawa ya sonona inayozuia serotonini isivunjwe mwilini. Akapewa petidini, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni ambayo nayo huigusa serotonini. Homa ilipanda kupita kiasi, moyo ukasimama, akafariki saa chache baada ya kulazwa. Madaktari walibishana kwa miaka juu ya sababu zote, lakini kisa chake kinafundishwa hadi leo kama mfano wa dawa hizo mbili kukutana. Baba yake, aliyekuwa mwandishi wa habari, hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York liliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa madaktari walio mafunzoni.

Nimekileta kisa hicho kwa sababu moja. Ikiwa hospitali ya jiji tajiri, yenye faili la mgonjwa na madaktari wa zamu, iliweza kukutanisha dawa mbili zisizopatana, itakuwaje kwa mtu aliyeandikiwa dawa Arusha, akanunua nyingine Nairobi, akazidiwa usiku akiwa Malaba? Hakuna faili linalovuka mpaka naye. Kinachovuka ni mfuko wake wa vidonge.

Na dawa zisizopatana na tramadoli si za ajabu, nyingi ziko katika maduka yetu. Zipo za sonona, kama fluoksetini. Ipo amitriptilini, ambayo wengi huandikiwa kwa maumivu ya neva au kipandauso bila kujua kwamba ni dawa ya sonona pia. Zipo dawa za kikohozi kikavu zenye dekstromethofani, zinazonunuliwa bila cheti cha daktari. Na ipo linezolidi. Hii ya mwisho ituguse zaidi: tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu matibabu ya miezi 6 ambayo linezolidi ni mojawapo ya dawa zake. Linezolidi huzuia serotonini isivunjwe, sawa na ile fenelzini ya New York ingawa kwa nguvu ndogo. Madereva wa masafa na wachimbaji madini wanafuatiliwa na miradi ya kifua kikuu katika ukanda wetu, na ndio hao hao wenye migongo inayouma.

Dalili zenyewe zinadanganya. Jasho, kutetemeka, joto kupanda, kuharisha, kuchanganyikiwa: mtu wa ukanda huu akiziona atasema malaria. Atapimwa malaria, pengine atapewa dawa ya malaria, na kile kidonge cha kiuno kitaendelea kumezwa. Alama za kuangalia ni misuli inayorukaruka au kukakamaa, hasa miguuni, mboni za macho zilizopanuka, na kutotulia, zikiwa zimeanza saa chache baada ya kuongeza au kuchanganya dawa. Hapo ni kwenda hospitali mara moja na vidonge vyote mkononi.

Kuna na mtego mwingine, ambao hauonekani kwa macho. Ili mkono wa kwanza wa tramadoli ufanye kazi, ini lazima liibadilishe dawa kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6. Watu hatukuumbwa na kiasi kimoja cha kimeng'enya hicho. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za jeni lake. Mtu kama huyo huigeuza dawa haraka na kupata nguvu ya mofini kuliko alivyokusudia. Mwaka huo huo, watafiti akiwamo Mzimbabwe Collen Masimirembwa walieleza aina nyingine ya jeni, iliyo ya kawaida kwa Waafrika, inayokifanya kimeng'enya kiwe kizito. Mwenye jeni la namna hiyo huigeuza dawa polepole: utulivu anaoupata ni mdogo, na tramadoli isiyogeuzwa, ambayo ndiyo yenye mkono wa serotonini, inarundikana.

Fluoksetini, kwa bahati mbaya, hufanya mambo mawili kwa pamoja. Inaongeza serotonini, na inakizuia kimeng'enya hicho. Anayetumia dawa zote mbili atahisi kwamba tramadoli haimsaidii. Atafanya nini? Ataongeza kidonge. Kila anachoongeza kinaingia zaidi upande wa serotonini. Hapo hakuna uraibu wala uhalifu. Ni mtu anayeumwa, anayetumia akili ya kawaida, katika jambo ambalo akili ya kawaida haitoshi.

Tukifika kwenye soko lenyewe, hali inazidi. Tramadoli ya kawaida ya kumeza ina miligramu 50, na kikomo cha mtu mzima kwa siku ni miligramu 400. Afrika Magharibi iliona vidonge vya miligramu 225 na 250 vikiuzwa mitaani. Viwili tu vya 225 vinapita kikomo cha siku nzima. Desemba 2017 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilisema tramadoli inayokamatwa kusini mwa Sahara kwa mwaka imepanda kutoka kilo 300 hadi zaidi ya tani 3 tangu mwaka 2013. India, nchi inakotengenezwa sehemu kubwa ya vidonge hivyo, iliiingiza tramadoli kwenye sheria yake ya dawa za kulevya mwaka 2018.

Kameruni kuna kisa kinachoonyesha dawa inavyoweza kuzagaa bila mtu kujua. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameikuta tramadoli kwenye mizizi ya mti wa porini, na dunia ikashangaa kwamba asili imetengeneza dawa ya kiwandani. Mwaka uliofuata wanasayansi wa Dortmund, Ujerumani, waliikuta pia kwenye udongo, kwenye maji na kwenye mimea mingine ya kaskazini mwa nchi hiyo. Wakulima waliwaeleza sababu: walikuwa wakiwapa ng'ombe tramadoli ili wavute jembe juani bila kuchoka, na wengine waliimeza wenyewe. Dawa ilipita kwenye mkojo na samadi, ikaingia ardhini, mti ukainywa.

Ng'ombe yule hakuwa amepona uchovu. Alikuwa amezimiwa kengele ya kumwambia asimame. Dereva anayemeza vidonge viwili ili afike Kigali kabla ya alfajiri naye kengele yake imezimwa, tofauti ni kwamba yeye ameshika usukani.

Wapo watakaosema: basi ipigwe marufuku. Sikubaliani nao. WHO imeipitia tramadoli mara kadhaa na haijapendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa kama mofini, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba katika nchi nyingi maskini ndiyo dawa pekee ya maumivu makali inayopatikana. Ukiiondoa bila kuweka nyingine, umemwadhibu mgonjwa wa saratani kwa kosa la mlanguzi. Na mlanguzi hafungi duka, anapandisha bei tu.

Uganda imetuonyesha njia nyingine. Tangu kuanzishwa kwa Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na Daktari Anne Merriman, nchi hiyo imejenga utaratibu wa mofini ya maji, na tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Dawa kali kuliko tramadoli imefika vijijini kwa sababu kuna mtu aliyefundishwa anayeitoa, anayeandika, na anayemweleza mgonjwa. Udhibiti na huruma vinaweza kukaa nyumba moja.

Ndiyo maana naiomba Jumuiya mambo matatu. La kwanza ni onyo moja la Kiswahili kwenye kila pakiti ya tramadoli inayouzwa katika nchi wanachama, likitaja kwa majina dawa zisizochanganywa nayo na dalili za hatari. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya kuendelezwa kwa mawasiliano mapana. Hakuna mawasiliano mapana kuliko yale yanayomwepusha mtu na kifo. La pili ni kiwango kimoja cha juu cha ukubwa wa kidonge na sharti moja la cheti, ili kisichouzwa upande huu kisitafutwe upande wa pili. Mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa ulizinduliwa Arusha mwaka 2012, na Wakala wa Dawa wa Afrika umewekwa Kigali. Meza za kukalia zipo. La tatu ni maofisa afya walio kwenye vituo vya pamoja vya mpakani wapewe mafunzo na vipeperushi kuhusu mchanganyiko huu, kwa kuwa wao ndio wanaoonana na msafiri kabla hajafika hospitali yoyote.

Lakini Jumuiya huenda mwendo wa vikao, na kiuno kinauma leo. Kwa hiyo nina neno na wewe, ndugu mfanyabiashara. Andika kwenye karatasi majina ya dawa zote unazotumia, uiweke pamoja na kitambulisho au pasi yako. Ukinunua dawa ya maumivu, mwonyeshe mfamasia karatasi hiyo na umuulize kama zinapatana. Ukitumia fluoksetini, kumbuka kwamba hukaa mwilini kwa wiki kadhaa hata baada ya kuiacha, kwa hiyo itaje pia. Kidonge kisicho na pakiti wala maandishi usikimeze, hata kama anayekupa ni rafiki. Ukiwahi kupata kifafa, sema kabla hujauziwa. Na kama umekuwa ukimeza tramadoli kila siku kwa muda mrefu, usiiache ghafla, maana mwili utagoma; nenda kwa daktari akupunguzie kidogo kidogo.

Mfanyabiashara wa mpakani hanunui mzigo bila kufungua gunia. Anatia mkono hadi chini, ananusa, anahesabu. Kidonge cha maumivu nacho ni mzigo, na kinaingia mwilini badala ya ghalani. Kabla ya kukimeza, uliza kina nini ndani.